Puran Singh: Kalasinga wa Kericho aliyeacha funzo la kuishi na watu wa dini zote

MSAFIRI anayeingia mjini Kericho hulakiwa kwanza na majani chai. Kwa kilomita nyingi, kutoka pande za Bomet hadi Kericho kwenyewe, vilima vimevikwa zulia la kijani kibichi, na kila alasiri mawingu hukusanyika na kumwaga mvua ambayo imeufanya mmea huo ustawi.

Lakini mjini humo mna pia jengo kubwa la marumaru lenye kuba, ambalo halifanani na makanisa wala misikiti ya eneo hilo. Ni hekalu la waumini wa dini ya Sikh, ambao Wakenya wamezoea kuwaita Makalasinga. Mgeni yeyote anayevua viatu na kufunika kichwa hukaribishwa ndani. Haulizwi dini yake, kabila lake wala anakotoka, na hupewa chai na chakula bila kutozwa hata senti moja.

Hekalu hilo limesimama mahali palipokuwa na makao na karakana ya fundi mmoja aliyeishi Kericho kwa miongo mingi kabla ya kuondoka akiwa mzee. Jina lake lilikuwa Puran Singh. Waumini wa dini yake kote duniani humwita Baba Puran Singh wa Kericho, na hivyo mji mdogo wa wakuza chai nchini Kenya ukawa sehemu ya jina la mtu anayeheshimiwa kutoka Amritsar hadi Birmingham.

Ajabu ni kwamba wakazi wengi wa Kericho hupita mbele ya hekalu hilo kila siku bila kujua habari zake. Maisha yake, hata hivyo, yana funzo kwa nchi ambayo mara kwa mara imejikuta ikiuliza ni vipi watu wasiofanana wanaweza kukaa pamoja kwa amani.

Puran Singh alizaliwa mwaka 1898 katika jimbo la Punjab, kaskazini mwa Bara Hindi, wakati ambapo Waingereza walikuwa wakilitawala. Mwaka huo huo, maelfu ya kilomita kutoka kwao, vibarua kutoka Bara Hindi walikuwa wakijenga daraja la reli huko Tsavo huku simba wawili wakiwavamia usiku na kuwala.

Reli hiyo ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria ndiyo iliyofungua njia kwa wengi kama yeye. Kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza waliajiri takriban watu 32,000 kutoka Bara Hindi kuja kuijenga. Karibu 2,500 walifariki kutokana na maradhi na ajali. Wengi wa walionusurika walirejea kwao kandarasi zao zilipokwisha, lakini 6,700 hivi waliamua kubaki.

Miongoni mwa vibarua na mafundi hao walikuwamo Wahindu, Waislamu na Makalasinga. Walilala katika mahema yaleyale, wakaugua malaria ileile na kuzikana. Husimuliwa kwamba kule Makindu, kwenye njia ya reli, wafanyakazi wa dini hizo walikuwa wakikutana jioni chini ya mti na kumwimbia Mungu pamoja. Hekalu la Makindu lililojengwa mwaka 1926 lingali linawalisha wasafiri wa barabara ya Mombasa bila malipo na bila kubagua.

Hata jina Kalasinga lina asili yake katika siku hizo. Latokana na mfanyabiashara mmoja wa mapema, Kala Singh, aliyezunguka sehemu za bara akiuza na kununua bidhaa. Wenyeji walipomwona mtu mwingine mwenye ndevu na kilemba kama chake walimwita kwa jina hilohilo, hadi likawa jina la jamii nzima.

Puran Singh alikuwa mmoja wa wale waliofuata baada ya reli kukamilika. Wimbi hilo la pili lilikuwa la maseremala, wahunzi, waashi, mafundi wa mitambo na wenye maduka. Hawakuwa na kandarasi ya serikali wala kampuni ya kuwategemeza. Walichokuja nacho ni ujuzi wa mikono yao.

Alifanya makao yake Kericho, mji ulio takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Awali mji huo ulikuwa kituo kidogo cha utawala wa kikoloni katika nchi ya Wakipsigis. Mambo yalibadilika katikati ya miaka ya 1920, kampuni kubwa za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai kwa wingi. Ardhi kubwa ya wenyeji ilikuwa imekwisha kutwaliwa, na uchungu wake haujaisha hadi leo.

Mashamba hayo yalihitaji watu. Wachumaji wa majani chai walitoka Gusii, Nyanza na nchi ya Waluhya, wakaungana na Wakipsigis waliokuwa wenyeji. Mameneja walikuwa Waingereza na Waskoti. Wenye maduka walikuwa Wahindi. Na viwanda vilivyokausha majani hayo, pamoja na malori yaliyoyasafirisha, vilihitaji mafundi.

Hapo ndipo Makalasinga walipopata nafasi yao. Kericho ikawa mji wa karakana. Ndiko alikozaliwa mwaka 1932 dereva mashuhuri Joginder Singh, aliyekulia katika mazingira ya gereji na baadaye akashinda mashindano ya magari ya Safari Rally katika miaka ya 1965, 1974 na 1976.

Karakana ya Puran Singh ilijulikana kwa jina la Kericho Wagon Works. Karakana za aina hiyo zilikuwa uti wa mgongo wa nchi ya chai. Gari lililetwa kutoka ng'ambo likiwa na injini na fremu tu, na mafundi walilijengea bodi ya mbao na chuma ili libebe majani, mizigo au abiria. Palihitajika msumeno, randa, nyundo na tanuri la mhunzi.

Katika karakana kama hizo walikutana watu ambao utawala wa kikoloni uliwatenganisha kwingineko. Mkipsigis alijifunza kukata mbao, Mluo alifua chuma, Mhindu alihesabu fedha na Mwislamu aliendesha lori lililokamilika. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, kwa kuwa ndicho pekee ambacho wote walikielewa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba maisha hayo yalikuwa ya usawa. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi. Wazungu, Wahindi na Waafrika walikuwa na makazi yao, shule zao na hospitali zao. Mshahara nao ulifuata rangi ya ngozi. Mhindi mwenye karakana alikuwa mwajiri na Mwafrika alikuwa mwajiriwa, na wengi wa Waafrika waliwaona Wahindi kuwa watu waliojitenga.

Ni katika mazingira hayo magumu ndipo sifa ya Puran Singh ilipokua. Hakujulikana kwa mali wala kwa siasa. Alijulikana kuwa mtu wa sala aliyeishi kwa kazi ya mikono yake.

Dini ya Sikh ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469. Alifundisha kwamba Mungu ni mmoja kwa watu wote, kwamba hakuna tabaka lililo bora kuliko lingine, na kwamba mwumini ana mambo matatu ya kufanya: kumkumbuka Mungu, kula jasho lake mwenyewe na kugawana na wengine alichonacho. Nanak alizunguka nchi nyingi akiandamana na Mardana, Mwislamu aliyempigia ala ya nyuzi alipoimba.

Kitabu kitakatifu cha dini hiyo, Guru Granth Sahib, hakina tungo za viongozi wa Sikh peke yao. Mna humo pia tungo za watawa wa Kihindu na za Sheikh Farid, aliyekuwa Mwislamu. Ni nadra kwa kitabu kitakatifu cha dini moja kuhifadhi sauti za watu wa dini nyingine na kuwataka waumini waziinamie kwa heshima ileile.

Desturi nyingine ni ile ya langar, yaani jiko la wote. Katika kila hekalu hupikwa chakula kisicho na nyama ili mtu wa dini yoyote aweze kukila bila kuvunja miiko yake. Walaji huketi chini kwa safu moja, tajiri kando ya maskini. Desturi hiyo ilianza India karne tano zilizopita ili kuvunja mazoea ya watu wa matabaka mbalimbali kukataa kula pamoja.

Puran Singh aliyashika mafundisho hayo kwa ukali. Aliamka kabla ya mapambazuko ili kusali. Hakula nyama wala kunywa pombe. Aliwahimiza Makalasinga wenzake waliolegea, hasa vijana waliozaliwa Afrika, warejelee ahadi za dini yao na kuingia katika undugu wa Khalsa uliowekwa na Guru Gobind Singh mwaka 1699.

Jambo hili ni muhimu katika kumwelewa. Wapo wanaodhani kwamba ili mtu aishi vyema na wa dini nyingine sharti ailegeze yake. Puran Singh alikuwa kinyume cha hayo. Aliishika imani yake barabara, na katika imani hiyohiyo akapata sababu ya kumheshimu asiyekuwa wa kundi lake.

Neno alilolisisitiza zaidi lilikuwa nishkam, lenye maana ya kutenda wema bila kutaraji malipo, sifa wala cheo. Kwake, ibada isiyozaa huduma ilikuwa pungufu, na huduma yenye kudai shukrani ilikuwa biashara. Huduma hiyo haikuwa na mipaka ya dini, kwa kuwa njaa ya Mwislamu na ya Mkristo ni njaa moja.

Kadri miaka ilivyosonga, waumini kutoka miji mingine walianza kufunga safari kwenda Kericho kumtembelea fundi huyo na kupata ushauri wake. Ndipo alipoanza kuitwa Baba, jina la heshima wanalopewa wazee wenye hekima.

Fauka ya hayo, Puran Singh aliishi katika nchi iliyokuwa na dini yake kabla ya wageni wote kuwasili. Wakipsigis walimwomba Mungu waliyemwita Asis, wakilihusisha jina lake na jua. Kila boma lilikuwa na mabwaita, madhabahu ya matawi yaliyosimikwa upande wa mashariki wa nyumba. Jamii ilikusanyika pia kwenye kapkoros, mahali pa sala ya pamoja.

Karne ya 20 ilileta wamisionari. Litein na Tenwek zikawa vituo vikuu vya Ukristo wa Kiprotestanti, na hospitali ya Tenwek iliyo Bomet, ambayo mizizi yake ni ya miaka ya 1930, ingali inatibu maelfu. Kanisa Katoliki nalo lilienea, na mwaka 1995 Kericho ikapata dayosisi yake. Waislamu walikuja na biashara na reli, wakajenga misikiti yao mijini.

Hivyo basi, katika mji mmoja mdogo, alfajiri ile ile, palikuwa na Kalasinga aliyekuwa akisoma sala zake, Mwislamu aliyeitika adhana, Mkristo aliyeelekea misa na mzee wa Kikipsigis aliyesimama akilikabili jua linalochomoza. Saa moja baadaye wote walikuwa kazini.

Mwaka 1947 ulikuwa wa majonzi kwa kila mtu aliyezaliwa Punjab. Waingereza walipoondoka Bara Hindi, jimbo hilo lilikatwa vipande viwili, kimoja kikawa India na kingine Pakistan. Mamilioni ya watu walihama makwao. Wahindu, Waislamu na Makalasinga waliokuwa majirani kwa karne nyingi waliuana. Waliokufa wanakadiriwa kuwa mamia ya maelfu, na wapo wanaosema walifika milioni moja.

Watu wa Punjab waliokuwa Afrika Mashariki walipokea habari hizo kwa barua na redio. Wengi walipoteza jamaa na mashamba ya ukoo. Mgawanyiko uliingia hata katika vyama vya Wahindi nchini Kenya. Hata hivyo, mauaji ya Punjab hayakuvuka bahari. Mitaani na katika masoko ya Kenya, Mwislamu wa Lahore na Kalasinga wa Amritsar waliendelea kuuziana na kusalimiana.

Hilo halikutokea kwa bahati tu. Lilitegemea watu wa kawaida, wakiwamo wazee wa mahekalu na misikiti, waliokataa kulipiza kisasi kwa jirani kosa la mtu aliye mbali. Kwa kizazi cha Puran Singh, huo ulikuwa mtihani mkubwa wa imani kuliko wowote.

Uhuru wa Kenya mwaka 1963 ulileta mtihani mwingine. Wakazi wenye asili ya Kihindi walipewa miaka miwili kuamua iwapo wangechukua uraia wa Kenya au wangebaki na pasipoti za Uingereza. Wengi walisita. Mwaka 1967 zilipitishwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara ambazo ziliwabana wasio raia. Maelfu waliuza mali zao na kukimbilia Uingereza, ambayo nayo ilipitisha sheria ya kuwazuia mnamo Machi 1968.

Hofu ilizidi mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi kutoka Uganda. Miji mingi midogo ya Kenya ilishuhudia maduka na karakana zikibadilisha wenyewe. Waliobaki walikuwa wachache.

Katika miaka hiyo ya 1970 Puran Singh, akiwa amepita umri wa miaka 70, aliiacha Kericho na kuhamia Uingereza, walikokuwa wamekwenda wengi wa wafuasi wake. Umri huo kwa wengi ni wa kupumzika. Kwake ulikuwa mwanzo wa kazi iliyompa umaarufu.

Aliwakuta Makalasinga kutoka Afrika Mashariki wakianza maisha upya katika miji baridi ya viwanda. Walikuwa wamepoteza nyumba, kazi na hadhi. Vijana wengi walikuwa wamekata nywele na kuvua vilemba ili wapate ajira. Puran Singh aliwakusanya, akawarejesha katika sala na huduma, na kutokana na mikutano hiyo likazaliwa shirika la Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, yaani kundi la wahudumu wasiotaka malipo.

Makao makuu ya shirika hilo yaliwekwa katika barabara ya Soho, mtaa wa Handsworth mjini Birmingham. Mtaa huo ulikaliwa na wahamiaji kutoka Karibiani, India, Pakistan na Bangladesh, pamoja na Waingereza wenye kipato cha chini. Ulikumbwa na ghasia mwaka 1981 na tena mwaka 1985. Humo ndimo jiko la hekalu lilipowashwa, likawalisha waumini na wapita njia kwa namna moja.

Baba Puran Singh alifariki mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 85 hivi. Hakuacha utajiri wa kugombewa. Uongozi ulishikwa na Norang Singh hadi alipofariki mwaka 1995, kisha ukapokelewa na Mohinder Singh, mhandisi wa ujenzi kwa taaluma.

Mti hujulikana kwa matunda yake. Kuanzia mwaka 1995 hadi 1999, shirika lililoanzishwa na fundi wa Kericho ndilo lililokabidhiwa kazi ya kulipaka upya dhahabu hekalu tukufu la Amritsar, lililo kitovu cha dini ya Sikh. Kazi hiyo ilifanywa kwa kujitolea.

Mwaka 2004, viongozi na waumini wa dini mbalimbali kutoka kote duniani walipokutana Barcelona, Uhispania, wahudumu wa shirika hilo walisafiri kutoka Birmingham wakiwa na vyombo vyao vya kupikia. Kila siku waliwalisha maelfu ya wajumbe. Mapadri, masheikh, marabi na watawa wa Kibudha walivua viatu, wakafunika vichwa na kuketi chini safu moja kula dengu na chapati.

Miaka minane baadaye, mwaka 2012, Papa Benedict XVI alimtunuku Mohinder Singh nishani ya Mtakatifu Gregori kwa juhudi zake za kuwaunganisha watu wa dini mbalimbali. Kwa kiongozi wa Kanisa Katoliki kumpa nishani hiyo Kalasinga, lilikuwa jambo la kuandikwa. Asili yake ni mafundisho yaliyotolewa miongo mingi awali katika karakana ya nchi ya chai.

Kericho nayo haikusahauliwa. Wafuasi wake walirejea na kujenga hekalu la marumaru mahali alipoishi na kufanyia kazi. Waumini hutoka sehemu nyingine za Kenya, Uganda na Uingereza kwenda kusali hapo. Aidha, ilianzishwa taasisi ya mafunzo yenye jina lake, Nishkam Saint Puran Singh Institute, ambako vijana wa eneo hilo hufunzwa kazi za ufundi. Wengi wao ni Wakristo. Hawatakiwi kubadili dini.

Mlingano huo unafaa kuzingatiwa. Mtu aliyekuja Kericho na ujuzi wa mikono aliacha jina ambalo sasa linawapa vijana wa Kikipsigis na wa makabila mengine ujuzi wa mikono. Pengo la zamani kati ya Mhindi mwenye karakana na Mwafrika kibarua haliwezi kuzibwa kwa hotuba. Huzibwa kijana anapopata kazi yake mwenyewe.

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kusema kwamba nchi ya chai imekuwa ya amani daima. Mwaka 1992 sehemu za wilaya ya Kericho zilikumbwa na mapigano ya kikabila, yakiwamo ya Sondu. Mnamo Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba ziliteketezwa na wafanyakazi wa mashamba ya chai kutimuliwa. Kifo cha mbunge wa Ainamoi aliyepigwa risasi Januari 31 mwaka huo kilizidisha hasira.

Lililo chungu ni kwamba waliopigana hawakutofautiana kwa dini. Wengi wao waliimba nyimbo zilezile kanisani. Walisali pamoja Jumapili na Jumatatu wakafukuzana. Hapo ndipo maisha ya Puran Singh yanapouliza swali gumu. Ikiwa kuwa na dini moja hakutoshi kuleta amani, ni nini kinachotosha?

Jibu linalotokana na maisha yake si la maneno. Ni kwamba ujirani hujengwa na mambo madogo yanayorudiwa kila siku: kazi inayofanywa pamoja, sahani inayotolewa bila swali, na heshima isiyosubiri mwingine kuianza. Mambo hayo hayawezi kuagizwa wakati moto umekwisha kuwaka. Sharti yawe yamezoeleka kabla yake.

Jibu la pili ni kwamba uthabiti wa imani si adui wa amani. Kalasinga mwenye kilemba, Mwislamu mwenye kanzu, Mkristo mwenye rozari na mzee anayemtaja Asis hawahitaji kufanana ili wakae mtaa mmoja. Wanachohitaji ni kila mmoja kuchukua katika dini yake lile linalomtaka kumtendea wema jirani, na kulitekeleza kabla ya mengine yote.

Leo katika mji wa Kericho, kanisa kuu la Moyo Mtakatifu lililotabarukiwa mwaka 2015, kanisa la Kianglikana la Utatu Mtakatifu, misikiti na hekalu la Makalasinga vyote vimo katika mji mmoja. Mvua ya alasiri inaponyesha, hunyeshea mapaa yote hayo bila ubaguzi, kisha hushuka hadi mashambani na kuotesha majani chai yanayochumwa na mikono ya watu wa kila dini.

Na katika makao ya zamani ya fundi Puran Singh, sufuria huwekwa motoni kabla ya jua kuchomoza. Wanaopika hawajui ni nani atakayekuja kula siku hiyo, wala hawalazimiki kujua.